Kisanduku cha "muvi zote, chaneli zote": nimekikagua kama bidhaa, sio kama mhubiri

Kila nikiandika habari za TV na visimbuzi swali linalorudi ni moja tu, vipi kuhusu vile visanduku vyeusi vya "muvi zote, sizoni zote, chaneli zote, lipia mara moja kwa mwaka umemaliza". Watu wameshaambiwa mara mia kwamba huo ni uharamia na wameshazoea kusikia, ukianza na mahubiri wanakupita. Sasa leo nakikagua kama ninavyokagua spika au rimoti, yaani picha, sauti, huduma kwa mteja, na kikikufia mkononi unamdai nani. Sheria itaingia yenyewe, maana kwenye kitu hiki sheria ni sehemu ya bidhaa, utaona.

Kisanduku chenyewe ni cha shemeji yangu. Mimi kwenye ukoo ndo fundi wa bure wa kila kitu chenye waya kwa hiyo kikizingua naitwa mimi, na kimezingua vya kutosha kwamba nakijua vizuri kuliko mwenye nacho. Jina sitaji, na hata nikilitaja halikusaidii kitu kwa sababu bodi ile ile ya ndani inauzwa kwa majina kibao, mzigo mpya ukija nembo mpya, mara Ultra, mara Pro, mara Max.

Tuanze na boksi. Limeandikwa 8K, yaani picha kali kuliko hata 4K, kwa herufi kubwa kuliko jina la bidhaa. Ndani unakuta kisanduku chepesi mno, ukichomeka waya wa HDMI ule waya unakizidi nguvu kinabaki kinaning'inia nyuma ya TV, rimoti ina vitufe vya rangi ambavyo havifanyi chochote, na karatasi moja ya maelekezo ambayo haina anwani, haina namba ya simu, haina hata jina la kampuni iliyokitengeneza. Hilo peke yake lingetosha kukirudisha, kama kungekuwa na mtu wa kukipokea. Ukikiwasha kinajiita Android TV lakini sio ile Android TV ambayo Google wameikagua na kuipa kibali, ni ile Android iliyo wazi ambayo yeyote anaweza kuichukua, akaichokonoa anavyotaka na kuivalisha sura ya TV. Likumbuke hilo, tutalihitaji mbele.

Sasa sifa zake, maana zipo na nisipozitaja nitakuwa nawafanyia hila. Utafutaji. Unaandika jina la muvi sehemu moja, inakuja, basi. Hakuna kuambiwa haipatikani nchini kwako, hakuna kuambiwa sizoni ya kwanza na ya pili ziko hapa ila ya tatu imehamia kwa mwingine ambaye naye anataka umlipe kivyake. Wenye huduma halali mbili tatu kwa pamoja wanaijua hii kero, mnakaa familia nzima muangalie kitu, mnaruka app hadi app, mpaka mje mkubaliane wadogo wameshalala. Sababu yake inajulikana, haki za muvi zinauzwa vipande vipande, nchi kwa nchi na kipindi kwa kipindi, kwanza majumba ya sinema, halafu kukodi, halafu huduma za malipo ya mwezi, halafu TV za kawaida, na kila kipande kinaweza kuwa na mnunuzi wake na mkataba wenye tarehe ya mwisho. Mwanasheria anaelewa. Mtu aliyekaa kwenye kochi haelewi hata kidogo, na wala sio kazi yake kuelewa.

Haramia hana shida hiyo kwa sababu hajanunua kipande chochote. Marekani kulikuwa na huduma inaitwa Jetflicks, ya kulipia kila mwezi kabisa kama huduma yoyote, ambayo waendesha mashtaka walisema ilikuwa na mzigo mkubwa kuliko Netflix, Hulu, Vudu na Amazon Prime ukiziweka pamoja, walitaja vipande 183,285 vya vipindi vya TV. Kazi yenyewe ilifanywa na programu za kompyuta zilizokuwa zinazunguka kwenye tovuti za kiharamia zinazoa kila kipya kinachotoka. Wanaume watano wakatiwa hatiani huko Las Vegas Juni 2024. Ninachokiona mimi kwenye ile kesi ni kwamba wateja wale walikuwa wanalipa. Yaani sio watu wa bure bure, ni watu waliotoa hela yao kila mwezi kwa sababu vyote viko sehemu moja, na kampuni halali mpaka leo hazijataka kulisikia hilo.

Sifa zinaishia hapo. Twende kwenye picha.

4K iliyoandikwa kwenye bango la muvi ni maandishi tu. Netflix wenyewe wanashauri uwe na intaneti ya megabiti 15 kwa sekunde ndo upate picha ya 4K, na diski za Ultra HD Blu-ray zinaweza kufika megabiti 128. Kisanduku cha shemeji nimekichungulia kwenye rauta wakati kinaonyesha hiyo "4K", kilikuwa kinavuta megabiti tatu, nne hivi zikizidi sana. Hizo data haziwezi kuijaza skrini ya 4K hata ufanyeje, ni picha ndogo imenyooshwa. Mchana kwenye mwanga huoni sana, tena katuni zinatoka vizuri tu. Wewe subiri giza. Mtu anatembea kichochoroni usiku, ukuta wa nyuma yake unageuka viboksi boksi vya kijivu vinavyohamahama, koti lake jeusi linamezwa na ukuta, unabaki na uso unaoelea peke yake. Moshi na mvua ndo kabisa. Mtu alikaa na taa na kamera usiku kucha kutafuta ile giza iwe giza ya aina yake halafu wewe unaangalia supu.

Muvi mpya mpya ndo kichekesho zaidi. Ile wiki muvi ipo kwenye majumba ya sinema kisanduku nacho kinayo, imeandikwa HD, unafungua unakuta mtu karekodi na kamera kutoka kwenye kiti. Picha imekaa upande kidogo, sauti inarudi rudi kama wako ndani ya tangi la maji, kichwa cha mtu kinapita pale chini, watu wanacheka kabla wewe hujasikia mchezaji kasema nini, na juu kabisa kuna tangazo la kamari linakimbia kutoka kulia kwenda kushoto muvi nzima. Shemeji anasema amezoea. Mimi nasema hiyo muvi hujaiangalia, umesimuliwa tu.

Kwa taarifa yako zile rekodi za ukumbini ndo rahisi kufuatiliwa kuliko watu wanavyodhani. Mitambo ya sinema ya siku hizi ya kidijitali inatia alama ndani ya picha na sauti ambayo jicho halioni wala sikio halisikii, alama hiyo inabeba muda na mtambo uliotumika, na ni mfumo unaotakiwa na viwango vyenyewe vya sinema za kidijitali. Kwa hiyo nakala ikishatua mtandaoni mwenye muvi anaweza kuisoma akajua ilitoka ukumbi upi na onyesho la muda gani. Kinachofuata ni swali kwa mwenye ukumbi, kamera zako za ulinzi siku hiyo zinasemaje.

Kuna nakala za aina nyingine, zile zinazovuja kutoka ndani kabla hata muvi haijatoka. Mwaka 2009 X-Men Origins: Wolverine ilivuja kama mwezi mzima kabla ya kutoka, na ilivuja ikiwa haijakamilika, baadhi ya picha za kompyuta hazijawekwa, nyaya za waigizaji zinaonekana. Watu waliikimbilia hivyo hivyo wakaiangalia nyaya na yote. Aliyeiweka mtandaoni Marekani alikula mwaka mmoja jela, hukumu ikatoka 2011. Hapo ndo ujue uharamia unauza "kuwa wa kwanza", ubora sio bidhaa yake na haijawahi kuwa.

Kitu kingine ambacho wauzaji hawakuambii, na hiki kinauma hata kwa mtu mwenye nia njema. Shemeji ana akaunti halali ya huduma moja kubwa, kalipia kabisa, akaamua aitumie humo humo kwenye kisanduku. Inafunguka, inaonyesha, ila ukungu mtupu. Alidhani intaneti. Sio intaneti. Huduma halali zinatumia kufuli ya kidijitali, mara nyingi ile inaitwa Widevine, na kufuli hiyo ina ngazi, kifaa kilichokaguliwa kinapata ngazi ya juu na picha kamili, kifaa kisichokaguliwa kinapewa ngazi ya chini kabisa na huko unabaki na picha ya ubora wa TV za zamani. Kwa hiyo umenunua kifaa cha "8K" ambacho hata ukilipia halali hakikuonyeshi HD. Tena TV yake yenyewe ile app ilikuwemo, angebonyeza kitufe kimoja tu angepata picha safi bila kisanduku.

Huduma kwa mteja sasa, na hapa ndo nilitaka kufika tangu mwanzo.

Jinsi biashara yenyewe inavyokwenda ni hivi. Juu kabisa kuna mtu au kikundi chenye seva zinazovuta chaneli na muvi. Chini yake kuna mfumo wa usimamizi unaoitwa paneli, mawakala wananunua humo krediti kwa jumla, kila krediti inageuka kuwa siku au mwezi wa mteja. Wakala anamuuzia wakala mdogo, wakala mdogo anamuuzia aliyekuuzia wewe, na huyo wa kwako anachokijua ni jina la kuingilia, nywila na grupu la kuchati. Haijui seva iko wapi, hamjui mwenye seva, na siku mambo yakikatika yeye anaona skrini nyeusi dakika ile ile na wewe.

Basi shemeji kalipia mwaka. Mwanzo safi. Baadaye chaneli zikaanza kukwama jioni tu, ile saa ambayo kila mtu yuko nyumbani. Akaambiwa kwenye grupu "tunaboresha seva". Halafu muvi zikawa zinafunguka zinaganda. "Zima rauta uwashe." Halafu siku moja kimya, skrini nyeusi, maandishi ya kuingia upya na nywila haikubali. Grupu likafungwa watu wasiandike, kesho yake likafutwa kabisa, namba ya muuzaji haipatikani. Wiki chache baadaye namba mpya inamtafuta yeye mwenyewe, "boss tumerudi, seva mpya, imara zaidi, kwa wateja wa zamani punguzo", na ya zamani haihesabiwi, unaanza moja. Na hapo ndo unagundua wewe hukuwahi kuwa mteja. Risiti huna. Mkataba huna. Benki ukiwaendea watakuuliza ulinunua nini. Chombo chochote cha kutetea walaji utakiambia nini, kwamba yule aliyekuwa ananiibia ile muvi ameacha kuniibia?

Hiyo inatokea dunia nzima na mara nyingine sababu sio tapeli wa grupu, ni msako kweli. Septemba 2019 polisi wa Italia wakishirikiana na wenzao Ulaya walivamia Xtream Codes, ambayo ilikuwa ndo paneli yenyewe, yaani ule mfumo wa usimamizi ambao wauzaji wengi wasiojuana walikuwa wanautumia wote. Ikazimwa, na huduma kibao zikazima kwa mpigo, watu wa nchi tofauti wanaangalia skrini nyeusi kwa wakati mmoja na kila mmoja anadhani ni tatizo la kwake. Baada ya hapo paneli za kuigiza zikaota na jina likabaki kwenye app mpaka leo, utaliona sehemu ya kuingilia. Ndo maana nikasema sheria ni sehemu ya bidhaa. Kisanduku hiki kina tarehe ya kufa ambayo hata anayekiuza haijui, na mwaka mzima unaolipia kwa mkupuo unalipia matumaini kwamba tarehe hiyo iko mbali.

Sheria yenyewe inasemaje? Wauzaji wanapenda kusema "sisi tunauza kisanduku tu, hatuuzi muvi". Hiyo hoja ilishapelekwa mahakamani ikafa. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, tarehe 26 Aprili 2017, kwenye kesi ya vifaa vya Filmspeler vilivyokuwa vinauzwa Uholanzi vikiwa vimeshawekewa viunganishi vya kuendea muvi za wizi, ilisema kuuza kifaa cha namna hiyo kwenyewe ni kuisambaza kazi ya mtu kwa umma. Na haikuishia kwa muuzaji, ikasema pia kwamba ile nakala ya muda inayotengenezeka ndani ya kifaa wakati wewe unaangalia haimo kwenye msamaha wa sheria kama chanzo ni cha wizi na unajua. Kwa hiyo ule msemo wa mitaani kwamba kudaunlodi ni kosa ila kustrimu sio kosa, Ulaya umeshavunjwa. Programu kama Kodi kwa mfano ni halali kabisa, ni chombo tu cha kupanga na kuonyesha faili zako, kinachoibadilisha kuwa msala ni kile alichokupachikia mtu ndani yake.

Halafu kuna wanaouliza "hii muvi ilisajiliwa wapi mpaka ilindwe huku". Haihitaji kusajiliwa. Mkataba wa Berne ni wa mwaka 1886, na chini yake kazi inalindwa papo hapo ikishatengenezwa, kwenye nchi zote wanachama, bila fomu wala muhuri, na sinema zimo ndani yake. Marekani ndo walichelewa kujiunga, huko zamani ukisahau kuandika tangazo la hakimiliki kwenye nakala unapoteza kila kitu. Ndivyo Night of the Living Dead ya 1968 ilivyopotea, ilibadilishwa jina kabla ya kutoka na kwenye jina jipya tangazo likasahaulika, tangu hapo ni mali ya umma Marekani, unaweza kuiangalia bure mchana kweupe. Kwenye kisanduku cha shemeji nayo nimeikuta! Wameiwekea tangazo la kamari pia.

Msako sasa, kama unataka kujua wanaopigwa ni akina nani. Mtazamaji wa kawaida ni nadra. Kuna tofauti kati ya torenti (kushusha faili kwa vipande kutoka kwenye kompyuta za watu wengine) na kustrimu (kuangalia moja kwa moja mtandaoni) ambayo ni muhimu, kwenye torenti kompyuta yako wakati inashusha inawapandishia na wengine vipande, anwani yako inaonekana na kila aliyemo, ndo maana Ujerumani barua za mawakili za kudai fidia zinawafikia watu majumbani. Ufaransa nao walijaribu sheria ya 2009 ya kuonya, kuonya, kisha kumkatia mtu intaneti, ile adhabu ya kukatiwa ikafutwa 2013, haikuwa na maisha. Sheria ya Marekani ya mwishoni mwa 2020 iliyofanya kustrimu kiharamia kuwa kosa kubwa imewalenga waendesha huduma za kibiashara, sio aliyekaa kwenye kochi.

Kwa hiyo wanaolengwa ni wenye seva, wauzaji, na kampuni za intaneti kuambiwa zifunge njia za kufikia tovuti hizo. Kampuni za filamu ziliungana 2017 zikaunda ACE, ambayo kazi yake ni hiyo tu. Agosti 2024 walitangaza kuangushwa kwa Fmovies, tovuti ya muvi za kiharamia, kwa kushirikiana na polisi wa Hanoi, Vietnam, na kwa hesabu zao mtandao huo na ndugu zake ulitembelewa zaidi ya mara bilioni 6.7 kati ya Januari 2023 na Juni 2024. Bilioni. Na ilipofungwa watu walikuwa wanaulizana linki mpya iko wapi, na linki za kuigiza zikawepo.

Kuhusu ufungaji wa njia nina kinyongo kidogo. Wakifunga kwa pupa wanaumia wasiohusika. Italia wana mfumo wa kufunga haraka haraka unaitwa Piracy Shield, Oktoba 2024 ukafunga anwani inayotumiwa na Google Drive, watu wakakosa mafaili yao ya kazi na shule kwa sababu kuna mtu sehemu aliibia matangazo ya mpira. Na Megaupload, tovuti ya kuhifadhia na kugawana mafaili iliyofungwa Januari 2012, ilikuwa na mafaili halali ya watu pia, picha zao, video zao walizopiga wenyewe, yakabaki yamefungiwa humo. Mwanzilishi wake Kim Dotcom akiwa New Zealand akapambana na kupelekwa Marekani miaka na miaka, waziri wa sheria wa New Zealand akaja kusaini amri ya kumpeleka Agosti 2024. Miaka 12 na zaidi kesi ya mtu mmoja. Mwenye muvi ndogo asiye na jeshi la mawakili anayasikia haya anakata tamaa, kwake yeye kinachobaki ni zile notisi za kuomba linki iondolewe, ambazo msingi wake ni sheria ya Marekani ya 1998, unatuma leo linaondolewa, kesho limewekwa upya kwa jina lingine unatuma tena. Studio kubwa zina watu na mashine za kutuma kutwa nzima. Aliyetengeneza muvi moja kwa mkopo anatuma mwenyewe usiku.

Haya turudi kwenye kile nilichosema ukikumbuke, Android isiyokaguliwa. Hili ndo kwangu lingetosha kukikataa hata kama picha ingekuwa ya kioo. Juni 2025 FBI walitoa tahadhari kuhusu kitu kinaitwa BADBOX 2.0, vifaa vya nyumbani vya bei chee, visanduku vya TV vikiwemo, ambavyo vinakuja na virusi tangu kiwandani au vinavipata pale unapoweka app za pembeni wakati wa kukiandaa. Mwezi uliofuata Google wakafungua kesi dhidi ya wanaoendesha mtandao huo wakisema vifaa vilivyoingiliwa ni zaidi ya milioni 10. Kazi mojawapo ya virusi hivyo ni kuikodisha intaneti yako. Yaani mtu asiyejulikana anafanya mambo yake, wizi wa akaunti, kubonyeza matangazo ya uongo, na huko yanakotua yanaonekana yametoka nyumbani kwako, kwa anwani yako. Wewe unaona tu bando linaisha upesi na rauta inapata moto. Cha shemeji nilikizima muvi zote nikakiacha kimewaka tu skrini ya mwanzo usiku, asubuhi kwenye rauta nikakuta kimekuwa kinatuma na kupokea data usiku mzima na anwani nisizozijua. Kinatuma nini? Kwa nani? Karatasi ya maelekezo haina hata pa kuuliza.

Ukinilazimisha nitoe nyota, utafutaji nakipa tano kwa tano na ningeomba kampuni halali waibe wazo hilo bila aibu, hakuna wa kuwashtaki. Picha mbili, kwa ajili ya katuni. Sauti moja na nusu. Huduma kwa mteja sina nyota ya kutoa, labda nidai.

Kama unachotaka ni kifaa cha kuifanya TV ya zamani iwe ya kisasa, nunua kile kilichothibitishwa na Google au cha kampuni nyingine inayojulikana, na kama kinajiita Android TV, kabla ya kutoa hela mwambie muuzaji akiwashe, ingia Play Store, setingi, kuhusu, angalia pale kwenye Play Protect, ule ulinzi wa Google dhidi ya app chafu, kama kimeandikwa kimethibitishwa. Play Store ikiwa haipo, au ipo ya kuigiza yenye alama ya ajabu ajabu, rudisha waleti mfukoni. Na muuzaji akikuambia uzime Play Protect ndo app zake ziingie, hiyo FBI wenyewe wameitaja kama dalili.

Kwa ambao mnacho tayari: kukirudisha kilivyotoka kiwandani hakusaidii kama uchafu ulitoka nao kiwandani, unarudishwa na wenyewe. Toa akaunti zako zote humo, badilisha nywila kwa kutumia simu sio kwa rimoti yake, kadi ya benki kama uliwahi kuiandika humo ongea na benki, na kama lazima kibaki hai basi kikae mtandao wa wageni wa rauta au kisiwe na mtandao kabisa. Cha shemeji nimekikata intaneti, anachomekea flashi yenye video za harusi na za watoto, na kwa kazi hiyo ya flashi sijawahi kuitwa.